Paul Ehrlich na Dawa Namba 606

Utangulizi

Katika masomo yaliyopita tulijifunza kwamba magonjwa mengi huletwa na vijidudu. Tulijifunza pia kuwa vijidudu hivyo ni vidogo mno, hata macho yetu hayawezi kuviona bila msaada wa hadubini. Leo tutasoma habari za mtu aliyetumia maisha yake yote kutafuta dawa za kuviua vijidudu hivyo ndani ya mwili wa mgonjwa, bila kumwua mgonjwa mwenyewe. Mtu huyo aliitwa Paul Ehrlich.

Kabla ya kuanza, na tufanye jaribio dogo. Mwombe mwalimu wako aidini kidogo. Chukua kipande cha muhogo uliomenywa na kipande cha kitunguu. Dondoshea tone moja la aidini juu ya kila kimoja, kisha ungoje kidogo. Muhogo utageuka kuwa wa buluu iliyokoza, karibu na weusi. Kitunguu hakitageuka hivyo. Rangi ya aidini itabaki ya hudhurungi. Usile vipande hivyo baada ya jaribio.

Kwa nini matokeo yametofautiana? Aidini ni ile ile. Kilichotofautiana ni kile ilichokikuta. Ndani ya muhogo mna wanga mwingi, na wanga hushikana na aidini. Kitunguu hakina wanga wa kutosha kushikana nayo. Liweke jambo hili moyoni, kwa maana ndilo lililomwongoza Paul Ehrlich tangu ujana wake hata kufa kwake.

Utoto na masomo

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, mwaka 1854, katika mji mdogo uitwao Strehlen. Wakati ule mji huo ulikuwa katika ufalme wa Prussia, ambao baadaye ulikuwa sehemu ya Ujerumani. Leo mji huo uko katika nchi ya Poland, nao huitwa Strzelin. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alikuwa na nyumba ya wageni.

Mama yake alikuwa na mpwa aliyeitwa Karl Weigert. Kijana huyo alikuwa daktari, naye alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutumia rangi za viwandani ili kuzionyesha sehemu ndogo za mwili chini ya hadubini. Siku zile viwanda vya Ujerumani vilikuwa vikitengeneza rangi nyingi mpya za kutia nguo. Paul alizipenda rangi hizo mno. Alipokuwa akisomea udaktari katika miji ya Breslau, Strasbourg, Freiburg na Leipzig, mara nyingi alionekana ameinama mezani, vidole vyake vikiwa vya buluu, vyekundu na vya manjano.

Alichokiona chini ya hadubini kilimshangaza. Aliposhika kipande chembamba cha nyama ya mwili na kukitia rangi, sehemu moja iliishika rangi ile na sehemu ya jirani yake ikaikataa. Alipojaribu rangi nyingine, ilikuwa kinyume chake. Kila rangi ilichagua mahali pake pa kushika. Mwaka 1878 alimaliza masomo yake kwa kuandika kitabu juu ya jambo hilo hilo, akawa daktari.

Rangi na vijidudu

Tarehe 24 Machi, mwaka 1882, daktari mashuhuri Robert Koch aliwaeleza wataalamu mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Paul Ehrlich alikuwa mmoja wa wasikilizaji. Alirudi mara moja kwenye chumba chake cha kazi, akaanza kutafuta njia bora zaidi ya kukitia rangi kijidudu hicho, maana njia ya Koch ilikuwa ngumu na ya polepole.

Inasimuliwa kwamba jioni moja Ehrlich aliviacha vioo vyake juu ya jiko lililozimika ili vikauke. Mtu mwingine akaliwasha jiko lile bila kujua. Ehrlich aliporudi alifikiri kazi yake imeharibika. Kumbe joto lilikuwa limeisaidia rangi kuingia ndani ya vijidudu, navyo vilionekana vizuri kuliko siku zote. Aligundua pia kwamba vijidudu vya kifua kikuu vikishaishika rangi haviiachii hata vikioshwa kwa asidi, hali vijidudu vingine huiachia. Njia ya kupima makohozi iliyotokana na kazi hiyo imewasaidia wauguzi na madaktari wa nchi nyingi, na nchi zetu za Afrika Mashariki pia, kuwatambua wagonjwa wa kifua kikuu.

Mwaka 1883 Ehrlich alimwoa Hedwig Pinkus, nao wakajaliwa watoto wawili wa kike. Miaka michache baadaye Ehrlich mwenyewe alishikwa na kifua kikuu. Alifunga safari pamoja na mkewe kwenda Misri, nchi yenye hewa kavu, akakaa huko mpaka alipopata nafuu. Alirudi Berlin mwaka 1889, na baadaye Koch alimkaribisha afanye kazi pamoja naye.

Katika miaka iliyofuata alimsaidia Emil von Behring katika kazi ya kutengeneza dawa ya dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaziba watoto koo hata wakafa. Dawa hiyo ilitoka katika damu ya farasi. Wakati mwingine ilikuwa na nguvu, na wakati mwingine ilikuwa hafifu. Ehrlich alipata njia ya kuipima nguvu yake, ili kila mtoto apewe kiasi kinachofaa. Kwa kazi yake kuhusu jinsi mwili unavyojikinga na magonjwa, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Ilya Mechnikov.

Wazo kubwa

Ehrlich aliwaza hivi: Ikiwa iko rangi inayokishika kijidudu na kuziacha sehemu nyingine za mwili, je, haiwezekani kupata rangi au dawa itakayokishika kijidudu na kukiua, huku ikimwacha mgonjwa salama? Aliifananisha dawa ya namna hiyo na risasi ya ajabu iendayo moja kwa moja kwa adui bila kumgusa rafiki.

Alisisitiza kwamba dawa isiyoshika haiwezi kufanya kazi. Ni lazima iwe na mahali pa kushikana na kijidudu, kama ufunguo unavyoshikana na kufuli lake.

Mwaka 1891 alijaribu wazo hilo kwa mara ya kwanza. Alijua kuwa rangi moja ya buluu iitwayo methilini ya buluu huvishika vijidudu vya malaria. Yeye na mwenzake waliwapa wagonjwa wawili wa malaria rangi hiyo, nao wakapata nafuu. Rangi ile haikuishinda kwinini, dawa iliyokuwa ikitumika siku zile. Hata hivyo Ehrlich alikuwa ameonyesha kwamba kitu kinachotia rangi nguo chaweza pia kumtibu mtu.

Mwaka 1899 alihamia katika mji wa Frankfurt kuongoza taasisi ya utafiti. Baadaye mjane mmoja tajiri, Franziska Speyer, alitoa fedha ili ijengwe nyumba ya utafiti kwa ukumbusho wa mumewe Georg. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwaka 1906, na Ehrlich akawa mkuu wake.

Watu walimkumbuka Ehrlich kwa tabia zake. Alivuta sigara kubwa tangu asubuhi hata usiku, jambo ambalo leo twajua kuwa ni la hatari sana kwa afya. Chumba chake kilijaa vitabu na karatasi hata mgeni akakosa mahali pa kuketi. Kila siku aliandika maagizo juu ya vijikaratasi vya rangi, akampa kila msaidizi kijikaratasi chake. Aliyepokea maagizo hayo alipaswa kuyafuata sawasawa.

Habari kutoka Ziwa Viktoria

Wakati huo huo, mbali na Ujerumani, watu waliokaa kando ya Ziwa Viktoria walikuwa katika msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale, unaoenezwa na mbung'o, ulikuwa umeingia tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Watu zaidi ya 200,000 walikufa, hasa upande wa Uganda na katika visiwa vya ziwa. Vijiji vizima vilibaki bila watu.

Mwaka 1905 watafiti wa Liverpool, Uingereza, waligundua kwamba dawa iitwayo Atoksili iliweza kuviua vijidudu vya malale katika miili ya wanyama wa majaribio. Atoksili ilikuwa na aseniki ndani yake. Aseniki ni kitu chenye baadhi ya tabia za metali na baadhi ya tabia za vitu visivyo metali. Tangu zamani watu walikijua kuwa ni sumu kali.

Mwaka 1906 Robert Koch alifika katika visiwa vya Sese, ndani ya Ziwa Viktoria. Akaanza kuwadunga wagonjwa sindano za Atoksili. Mwanzoni matumaini yalikuwa makubwa. Wagonjwa waliokuwa wamelala siku nyingi waliinuka wakatembea. Habari zilienea, na watu wengi wakaja kutoka mbali kuitafuta dawa. Lakini baada ya muda ugonjwa ulirudi kwa wengi. Kiasi cha dawa kilipoongezwa, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho, wala hawakuona tena. Watu hao walikuja wakitafuta uzima, wakarudi kwao wakishikwa mkono.

Tufikiri vizuri juu ya jambo hili. Atoksili ilikishika kijidudu, lakini ilimshika pia mgonjwa. Haikuwa ile risasi ya ajabu. Hasara ya kutojua tofauti hiyo waliilipa wagonjwa kwa macho yao.

Jembe na mpini wake

Ehrlich alikuwa akiichunguza Atoksili katika maabara yake. Wataalamu wa kemia walikuwa wakiamini kwamba umbo la dawa hiyo haliwezi kubadilishwa bila kuiharibu. Mwaka 1907 Ehrlich na mkemia Alfred Bertheim walionyesha kuwa imani hiyo ilikuwa na kosa. Atoksili ilikuwa na upande ulioweza kubadilishwa.

Tuifananishe na jembe. Aseniki ndiyo chuma kikatacho. Sehemu iliyobaki ni mpini. Mkulima akiona jembe lake linamuumiza mikono, hatupi chuma. Hutafuta mpini mwingine. Ndivyo walivyofanya Ehrlich na Bertheim. Walitengeneza dawa nyingi, kila moja ikiwa na aseniki, lakini kila moja ikiwa na mpini wake. Kila dawa ilipewa namba yake katika daftari, kisha ikajaribiwa katika panya wenye ugonjwa. Baadhi ya dawa hazikuviua vijidudu. Nyingine ziliviua vijidudu na panya pia. Nyingine ziliwafanya panya wazunguke-zunguke bila kukoma, kwa kuwa zilidhuru ubongo wao.

Katika kazi hiyo walijifunza jambo jingine la maana. Panya waliopewa dawa kidogo kidogo walibaki na vijidudu ambavyo havikuuawa tena na dawa ile. Vijidudu vilikuwa vimepata usugu. Ehrlich akaona kwamba ni heri kuvipiga vijidudu kwa nguvu ya kutosha tangu mwanzo, kabla havijapata nafasi ya kuizoea dawa.

Dawa namba 606

Mwaka 1905 wataalamu wawili wa Ujerumani, Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann, walikuwa wamekigundua kijidudu cha kaswende. Kaswende ni ugonjwa unaoambukizwa hasa kwa njia ya zinaa, na mama mwenye mimba aweza kumwambukiza mtoto wake. Huanza kwa kidonda. Usipotibiwa, waweza kuharibu moyo, macho na ubongo baada ya miaka mingi. Kwa karne nyingi madaktari wa Ulaya waliutibu kwa zebaki, metali iliyo majimaji. Zebaki iliwatoa wagonjwa mate mengi, ikalegeza meno yao, na mara nyingi haikuwaponya.

Mwaka 1909 alikuja Frankfurt kijana kutoka Japani, jina lake Sahachiro Hata. Kijana huyo alijua kuwaambukiza sungura ugonjwa wa kaswende, na hivyo dawa ziliweza kujaribiwa kwa wanyama hao. Ehrlich alimwagiza azijaribu upya dawa zote za aseniki zilizokuwemo katika orodha ya maabara, hata zile zilizokwisha kukataliwa.

Hata alikuwa mtu mtaratibu na mvumilivu. Alijaribu dawa moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Alipofika namba 606 aliona ajabu. Sungura mwenye vidonda alidungwa sindano moja tu. Siku ya pili yake, kilipotazamwa kioo chini ya hadubini, hakikuonekana kijidudu hata kimoja kilicho hai. Baada ya majuma machache vidonda vilipona.

Dawa hiyo haikuwa ngeni. Ilitengenezwa mwaka 1907, lakini msaidizi mmoja aliyeijaribu aliandika kwamba haifai, ikawekwa kando. Kwa muda wa miaka miwili dawa iliyotafutwa ilikuwa rafuni, wala hakuna aliyejua. Je, unaona thamani ya kurudia jaribio?

Ehrlich hakukimbilia kuwapa wagonjwa dawa hiyo. Aliwakumbuka wale waliopofushwa na Atoksili. Dawa ilijaribiwa tena na tena katika wanyama. Kisha madaktari wawili walijitolea wadungwe wao kwanza. Walipoonekana kuwa salama, ndipo wagonjwa wachache walipoanza kutibiwa. Tarehe 19 Aprili, mwaka 1910, habari za dawa 606 zilitangazwa katika mkutano wa madaktari mjini Wiesbaden.

Furaha na majonzi

Madaktari wa nchi nyingi waliiomba dawa hiyo. Kabla haijaanza kuuzwa, yapata dozi 65,000 ziligawiwa bure kwa madaktari ili waijaribu na kuleta taarifa. Kisha kiwanda cha Hoechst kikaanza kuitengeneza kwa wingi, nayo ikaitwa Salvarsan.

Lakini dawa hiyo ilikuwa ngumu kutumia. Ilikuwa unga wa manjano uliofungwa ndani ya vichupa vya kioo visivyo na hewa, kwa sababu hewa iliigeuza na kuifanya sumu kali zaidi. Daktari alipaswa kuuyeyusha unga huo kwa uangalifu, kisha kumdunga mgonjwa mara moja. Daktari aliyefanya haraka au aliyekosea aliweza kumdhuru mgonjwa. Wengine walipata maumivu makali, na wengine walikufa.

Ehrlich alihuzunika sana. Alizisoma taarifa zilizotoka hospitalini, akatafuta sababu ya kila ajali. Hakuficha kwamba dawa ilikuwa na hatari zake, bali aliendelea kutafuta iliyo bora. Mwaka 1912 ilitolewa dawa namba 914, iitwayo Neosalvarsan, iliyoyeyuka kwa urahisi zaidi katika maji. Hata hivyo wako watu waliomshambulia magazetini, wakidai kuwa alitafuta mali. Mwaka 1914 mwandishi mmoja aliyemsingizia alihukumiwa kifungo. Lakini mashtaka na masingizio hayo yalimchosha Ehrlich, na afya yake ikazidi kudhoofika.

Dawa za aseniki zilifika pia Afrika Mashariki. Kijidudu cha kaswende kina ndugu yake aletaye ugonjwa wa buba. Buba huwashika hasa watoto wa vijijini, huenea kwa kugusana ngozi, na huleta vidonda vinavyoweza kuharibu mifupa. Katika miaka ya 1920 watu wengi wa Kenya na Tanganyika walidungwa sindano za dawa za aseniki na za bismuthi, ambayo ni metali nyingine. Vidonda vilikauka upesi, na habari za sindano hizo zikaenea vijijini.

Mwisho wa maisha yake

Paul Ehrlich alifariki tarehe 20 Agosti, mwaka 1915, katika mji wa Bad Homburg, akiwa na umri wa miaka 61. Alizikwa Frankfurt. Mji huo ulikuwa umeupa mtaa mmoja jina lake. Wanazi walipotawala Ujerumani kuanzia mwaka 1933, waliliondoa jina hilo kwa kuwa alikuwa Myahudi, na mkewe Hedwig alilazimika kuikimbia nchi. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, jina lake lilirudishiwa heshima yake.

Katika miaka ya 1940 penisilini ilianza kutumika. Iliponya kaswende na buba vizuri zaidi, wala haikuwa na sumu ya aseniki. Hivyo Salvarsan ikaachwa. Kwa ugonjwa wa malale, dawa nyingine ya aseniki iitwayo melasoproli ilianza kutumika mwaka 1949, ikaokoa wengi waliokuwa karibu kufa, ingawa iliwaua baadhi yao. Baadaye zikapatikana dawa nyingine zilizo salama zaidi.

Wazo lake baada yake

Dawa namba 606 imepita, lakini wazo la Ehrlich halikupita. Wanasayansi waliendelea kuuliza swali lake: Dawa hushika wapi?

Kwa upande wa aseniki, ilionekana kwamba hushika protini za kijidudu zenye salfa. Protini hizo zikishashikwa haziwezi tena kufanya kazi, na kijidudu hufa.

Zipo dawa zinazoshika mahali pengine. Ndani ya karibu kila chembe hai, iwe ya mtu, ya mmea au ya bakteria, mna kitu kirefu na chembamba sana kiitwacho DNA. Umbo lake lilijulikana mwaka 1953. Linafanana na ngazi ya kamba iliyosokotwa. Katika DNA mmehifadhiwa maagizo yote ya chembe hai, na chembe haiwezi kuzaana bila kuyanakili maagizo hayo.

Mwaka 1912 Ehrlich na mkemia Louis Benda walikuwa wametengeneza rangi ya manjano iliyoua vijidudu. Rangi hiyo ilitumika kusafishia vidonda vya askari katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hakuna aliyejua jinsi ilivyoua. Mwaka 1961 mwanasayansi Leonard Lerman alionyesha kwamba rangi za jamaa hiyo hupenya katikati ya vipandio vya ngazi ya DNA na kukaa humo. Bakteria ikitaka kunakili maagizo yake, hushindwa. Lakini sisi pia tuna DNA. Kwa sababu hiyo rangi hiyo ilifaa kupakwa juu ya kidonda, wala si kumezwa ovyo. Tatizo ni lile lile la Atoksili: kumshika adui na kumwacha rafiki.

Wanasayansi wameendelea pia kuunganisha dawa na metali. Fedha, metali ile ile inayotengenezewa vikuku, iliunganishwa na dawa ya salfa ili kupata dawa ya kupaka watu walioungua moto. Fedha hushika sehemu nyingi za bakteria, na DNA ni mojawapo. Zinki huunganishwa na basitrasini, dawa ya kupaka ngozini. Lakini si kila metali huisaidia kila dawa. Dawa iitwayo tetrasaiklini ikimezwa pamoja na maziwa, kalsiamu iliyomo katika maziwa huishika, na mwili hupata dawa kidogo tu. Ndiyo maana yatupasa kuyafuata maagizo ya mganga.

Mwanasayansi anayetengeneza dawa mpya yenye metali huipima hivi. Kwanza huotesha bakteria ndani ya sahani ya kioo. Kisha huweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyochovywa katika dawa. Ikiwa dawa inaua bakteria, duara safi huonekana kuzunguka karatasi. Huupima upana wa duara hilo kwa milimita. Baadaye huichanganya dawa na DNA ndani ya kichupa na kupitisha mwanga, ili ajue kama vitu hivyo viwili vimeshikana. Mwisho huichunguza dawa hiyo kama itamdhuru mgonjwa. Dawa nyingi huishia hapo.

Kazi hiyo ni ya lazima, kwa sababu bakteria wengi wamepata usugu kwa dawa zilizokuwa zikiwaua zamani. Usugu huongezeka watu wanapotumia dawa bila kupimwa, au wanapoziacha kabla ya kuzimaliza. Mtu anayeacha dawa katikati ni kama yule anayempiga nyoka fimbo moja kisha akaenda zake. Jambo hilo panya wa Frankfurt walilionyesha tangu mwaka 1907.

Kumbuka

1. Dawa hufanya kazi kwa kushikana na sehemu fulani ya kijidudu.
2. Dawa iliyo nzuri hukidhuru kijidudu zaidi kuliko mgonjwa.
3. Jaribio moja halitoshi. Dawa 606 ilikataliwa mara ya kwanza, ikakubaliwa ilipojaribiwa upya.
4. Maliza dawa uliyopewa kama ulivyoagizwa na mganga.

Maswali

1. Paul Ehrlich alizaliwa mwaka gani, na katika mji gani?
2. Katika jaribio la aidini, kwa nini muhogo uligeuka rangi na kitunguu hakikugeuka?
3. Ehrlich aligundua nini juu ya vijidudu vya kifua kikuu vilivyotiwa rangi?
4. Eleza kwa maneno yako mwenyewe maana ya risasi ya ajabu.
5. Wagonjwa wa visiwa vya Sese walipatwa na nini walipodungwa Atoksili nyingi?
6. Sahachiro Hata alikuwa na tabia gani zilizomwezesha kuigundua nguvu ya dawa 606?
7. Kwa nini Salvarsan ilifungwa ndani ya vichupa visivyo na hewa?
8. DNA inafanana na kitu gani? Rangi ya manjano huishika wapi?
9. Taja metali mbili zinazounganishwa na dawa za kupaka.
10. Zungumzeni darasani: Kama ungekuwa wewe ndiwe Ehrlich, ungewapa wagonjwa dawa 606 mara tu sungura alipopona? Toa sababu zako.